Saraka Tupu Si Faili Zilizopotea: Upachikaji wa NFS Baada ya Kubadilisha Mfumo Endeshi

Makala haya yanafafanua tatizo linaloweza kumkabili mtafiti wa fasihi anayehifadhi rekodi na miswada yake katika kompyuta kuu: baada ya mfumo endeshi kubadilishwa kwa toleo jipya, saraka iliyojaa kazi yaonekana tupu.

Mfumo wa faili wa mtandao, yaani NFS, ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1984. Huiwezesha kompyuta kutumia faili zilizo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni zake. Kuziunganisha faili hizo na saraka fulani ndiko kupachika. Mkazi wa Likoni ataelewa upesi: gati huwapo hata feri isipokuwapo, na aliyesimama gatini bado hajavuka. Vivyo hivyo, saraka ya kupachikia hubaki mahali pake hata muunganisho unapokosekana.

Hapa ndipo penye hatari. Mtafiti akihifadhi sura mpya ya tasnifu katika saraka hiyo tupu, sura huandikwa kwenye diski ya kompyuta anayoitumia. Upachikaji ukifaulu baadaye, faili za mbali huifunika. Haijafutwa, ila haionekani.

Kwa nini toleo jipya lilete haya? Kwanza, mifumo mipya huweza kuacha matoleo ya zamani ya NFS. Red Hat Enterprise Linux 7, ya mwaka 2014, haikuauni tena toleo la 2. Pili, huduma zinapowashwa kwa pamoja, upachikaji huweza kujaribiwa kabla ya mtandao kuwa tayari.

Aidha, faili huweza kuonekana lakini zikabadilika mwenyewe. Toleo la 4 hutambulisha wamiliki kwa majina yenye kikoa; vikoa visipolingana, mmiliki huandikwa 'nobody', yaani si mtu.

Hivyo basi, mtafiti asikimbilie kufuta wala kunakili upya. Kwanza atumie amri ya findmnt, inayoonyesha kilichopachikwa, kinakotoka na toleo linalotumika. Saraka ikiwa haimo katika orodha hiyo, asiandike chochote humo. Na kazi iliyotoweka baada ya upachikaji itafutwe chini yake: msimamizi akiondoa upachikaji kwa muda, sura iliyofunikwa itaonekana tena.