Ukarabati wa saspensheni ya gari

Ukarabati wa saspensheni ya gari ni kazi ya kukagua na kubadilisha springi, shokapu, bushi na viungo vya gari vilivyochakaa kutokana na safari nyingi. Lengo lake si starehe ya abiria tu, bali pia kuyafanya matairi yaendelee kushika barabara, kwa kuwa breki na usukani hutegemea mshiko huo. Katika Afrika Mashariki kazi hii ni ya kawaida. Magari mengi ya watu binafsi huingizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kisha hupita kila siku kwenye mashimo, matuta na barabara za vumbi.

Sehemu na kazi zake

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huzuia gari lisiendelee kudundadunda baada ya springi kubonyea. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayolazimisha mafuta kupita katika matundu madogo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto.

Bushi ni raba iliyoshikwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Hujipinda kidogo kila mara mkono wa gurudumu unapopanda au kushuka. Boljointi huwezesha gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona kwa pamoja, na tairodi hupeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu.

Magari mengi madogo hutumia mbele muundo wa MacPherson, ambao shokapu na springi hufungwa pamoja kama kipande kimoja. Jina hilo linatokana na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson. Ford Consul na Ford Zephyr, zilizoonyeshwa Uingereza mwaka 1950, ni kati ya magari ya kwanza kuutumia.

Dalili za uchakavu

Saspensheni huchakaa polepole, hivyo dereva wa kila siku huzoea hali mpya bila kujua. Dalili za kuangalia ni hizi:

- mlio wa kugonga gari linapopita tuta kwa mwendo mdogo;
- pua ya gari kuinama sana wakati wa kufunga breki;
- gari kuvuta upande mmoja au kuyumba kwenye barabara iliyonyooka;
- tairi kulika upande mmoja, au kuwa na mabonde mabonde;
- mafuta kuvuja kwenye mwili wa shokapu;
- upande mmoja wa gari kukaa chini kuliko mwingine.

Ukaguzi

Jaribio linalojulikana ni kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia. Gari likidunda mara kadhaa kabla ya kutulia, shokapu imekwisha. Hata hivyo, gari kutulia haraka si uthibitisho kwamba shokapu ni nzima, kwani bushi ngumu pia huzuia mdundo.

Gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, tatizo huwa kwenye boljointi au beringi. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, tairodi hushukiwa kwanza. Bushi huangaliwa kwa kutikisa mkono wa gurudumu kwa mtaimbo. Raba iliyopasuka au kuachana na chuma huonekana wazi.

Ubadilishaji

Kosa la kawaida ni kubadilisha shokapu pekee na kuacha bushi zilizochanika. Mlio hubaki, matairi huendelea kulika, na mwenye gari hudhani ameuziwa shokapu mbovu. Fedha zisipotosha kwa kazi yote, boljointi na tairodi zilizolegea hutangulia, kwa sababu zikichomoka gari halielekezeki tena. Shokapu na bushi hufuata.

Shokapu na springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, ili pande zote zifanye kazi sawa. Vipuri vilivyotumika huwa na bei nafuu, lakini shokapu au bushi iliyotolewa kwenye gari lingine huenda nayo imekaribia mwisho wake.

Bolti za bushi za raba hukazwa kabisa wakati gari limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hubaki imejipinda gari linaposhushwa, na huchanika mapema.

Baadhi ya wamiliki huweka spesa juu ya springi ili kuinua gari. Gari hupata nafasi zaidi chini, lakini pembe za boljointi na za shafti zinazozungusha magurudumu hubadilika, na sehemu hizo zinaweza kuchakaa haraka zaidi.

Usalama na hatua ya mwisho

Springi ya MacPherson hukaa imebanwa kwa nguvu kubwa. Nati ya juu ikifunguliwa bila kifaa maalumu cha kubana springi, inaweza kuruka na kuua. Pia haifai kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Baada ya kazi, pembe za magurudumu hupimwa na kurekebishwa kwa mashine ya alaimenti. Hatua hii ikirukwa, matairi mapya yanaweza kuisha mapema ingawa kila kipuri ni kizima.