KUMHAKIKI MTUNZI MWANAGENZI: MIZANI, MAANA NA DHAMANA YA ANAYEPENDEKEZA SHAIRI

Utangulizi

Kila palipokuwa na ukurasa wa mashairi ya Kiswahili, pamekuwa pia na swali ambalo huenda ni gumu kuliko utungaji wenyewe: mtu aliyeleta shairi lake la kwanza aambiwe nini? Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji wake, na kwa njia hiyo watu waliokaa mbali na miji ya pwani wakapata pa kusikika. Nchini Kenya, Taifa Leo limefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Vyama vya Kiswahili vya shule na vyuo navyo hukusanya tungo za wanachama, zikasomwa mbele ya wenzao na kujadiliwa. Wengi wa watunzi hao si malenga wala hawadai kuwa malenga. Ni wanagenzi, na neno la kwanza wanalojibiwa ndilo mara nyingi huamua kama litakuwako shairi la pili.

Yako makosa mawili yanayotendwa kila siku katika kuwajibu. La kwanza ni kuhesabu mizani na kunyamaza. La pili ni kusifu bila kusoma. Makosa haya huonekana kama yamepingana, lakini chanzo chake ni kimoja: katika yote mawili shairi lenyewe halikusomwa.

Jibu la kishairi na mipaka yake

Jadi ya Waswahili ilikuwa na namna yake ya kuhakiki, nayo ni kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, katika zama za uhasama wa miji hiyo miwili. Aliyetaka kulipinga shairi alilipinga kwa shairi, akafuata bahari ileile na mara nyingi vina vilevile. Utaratibu huu ulikuwa na haki kubwa ndani yake. Mhakiki hakuweza kukaa pembeni akatoa hukumu. Alilazimika kuiweka kazi yake kwenye mizani ileile aliyompimia mwenzake, na hadhira ikawapima wote wawili.

Hata hivyo, jibu la kishairi hulenga zaidi hoja kuliko ufundi. Mwanagenzi aliyeshindwa katika malumbano hujua kuwa ameshindwa, lakini hajui ni neno gani lililomwangusha. Zamani upungufu huu ulizibwa na ukaribu: kijana aliyekulia karibu na malenga alimsikia akitunga, akamsikia akiimba, akajifunza kwa sikio. Mwanagenzi wa leo, ambaye huenda yuko Kitale au Machakos na hajapata kukaa na malenga hata siku moja, hana ukaribu huo. Kwake yeye, maelezo ya nathari yaliyo wazi ndiyo yanayosimama mahali pa baraza.

Pengo hilo ndilo lililojazwa kwa sehemu na Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Kitabu hicho kiliwafikisha wengi kwenye kanuni ambazo awali zilipatikana kwa kurithishana. Faida yake haina shaka. Lakini kanuni inayoweza kuhesabiwa ina hatari yake: ni nyepesi mno kutumika. Mhariri mwenye tungo hamsini mezani na saa moja mkononi ataweza kuhesabu silabi za zote. Hataweza kuzisoma zote.

Ugomvi wa miaka ya 1970 ulizidisha tatizo. Mashairi ya Kisasa ya Kahigi na Mulokozi yalipotoka mwaka 1973, na Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, wataalamu waligawanyika. Wako waliosema kuwa utungo usio na vina na mizani si shairi, na wako waliosema kuwa pingu za kale hazina budi kukatwa. Mjadala huo uliinufaisha taaluma. Kwa mwanagenzi, hata hivyo, ulileta mazoea mabaya: akileta utungo, kwanza huulizwa yuko kambi gani. Swali la kama utungo wenyewe una uhai huja baadaye, au haliji kabisa.

Beti mbili za mfano

Jambo hili halieleweki vyema bila mifano. Beti mbili zifuatazo zimebuniwa kwa ajili ya makala haya tu, zikifuata namna ya tungo zinazoletwa na wanagenzi. Ya kwanza ni hii:

Elimu jambo jamani, ni bora kwa kila mtu,
Someni wote shuleni, mfanye bidii watu,
Tuishike mikononi, inashinda kila kitu,
Tusiiache njiani, elimu ni mali yetu.

Anayehesabu hapati kosa. Kila kipande kina mizani nane, kina cha kati ni -ni na cha mwisho ni -tu, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa uhakiki ni kuhesabu, ubeti huu umefaulu. Lakini msomaji akiuliza umemwambia nini ambacho hakukijua, au umemwonyesha nini ambacho hakukiona, jibu ni kwamba haukumwambia wala haukumwonyesha kitu. Neno "jamani" limo kwa sababu ya kina. Neno "watu" katika mstari wa pili limesukumwa mwishoni kwa sababu hiyohiyo, na sentensi ikaborongwa bila faida. Anayeamrishwa ni "nyinyi" katika mstari wa pili, kisha ghafla ni "sisi" katika wa tatu. Elimu hushikwa mikononi, kisha huachwa njiani, na wala mkono wala njia hauonekani.

Ubeti wa pili ni huu:

Mama arudi sokoni, jua limekwisha shuka,
Kapu lake kichwani, mboga zimeshanyauka,
Atutazama jikoni, kisha anacheka,
Maji matupu mekoni, ndiyo yanayochemka.

Hapa anayehesabu hupata kazi. Ukwapi wa mstari wa pili una mizani saba, na utao wa mstari wa tatu una sita. Kwa kanuni, ubeti una guni, na wako wahariri ambao wangeurudisha kwa neno hilo moja. Lakini ubeti huu una jambo. Mama hakuuza kitu. Hilo halikusemwa, bali mboga zilizonyauka kapuni zimelisema. Watoto wana njaa. Hilo nalo halikusemwa, bali maji matupu yamelisema. Na kati ya mambo hayo mawili mama anacheka. Kicheko hicho ndicho shairi.

Mhakiki mwema atamwambia mtunzi huyu mambo manne, kwa utaratibu huu. Kwanza, atamweleza alichokiona: kwamba kicheko cha mama, kati ya mboga kavu na maji matupu, kina uzito kuliko malalamiko yoyote. Hili halisemwi ili kumbembeleza. Mwanagenzi mara nyingi hajui ni wapi amefaulu, na asipoonyeshwa huenda akakifuta kilicho bora ili kukihifadhi kilicho sahihi.

Pili, ataonyesha tatizo la maana. "Arudi sokoni" humfanya msomaji adhani kuwa mama anakwenda sokoni kwa mara ya pili. "Mama atoka sokoni" ina mizani ileile nane, na utata umeondoka. Tatu, ataonyesha guni iliyo nyepesi: "Na kapu lake kichwani" inatimiza nane bila kudhuru chochote. Nne, atafika kwenye guni iliyo ngumu, na hapo atasita. "Kisha aanza kucheka" inatimiza nane. Lakini "kisha anacheka" ni fupi kama kicheko chenyewe, na huenda upungufu huo unamfanya msikilizaji ashtuke mahali panapostahili. Mtunzi anayefuata arudhi atachagua la kwanza au atatafuta la tatu. Mtunzi anayejua kwa nini amevunja anaweza kuliacha. Asichoweza ni kuliacha bila kujua. Kazi ya mhakiki ni kumfanya ajue, kisha amwachie shairi lake.

Mfano huu unaonyesha pia kwamba hata kuhesabu kwenyewe hudai ujuzi. Katika neno "chemka" sauti m ni silabi kamili, kama ilivyo katika "mtu"; katika "mboga" sivyo. Anayehesabu herufi kwa macho atapata saba mahali penye nane, na atamsahihisha mtunzi aliye sahihi kuliko yeye. Mizani ya Kiswahili hupimwa kwa sikio. Ndiyo sababu shairi la mwanagenzi lisomwe kwa sauti, na ikiwezekana liimbwe, kabla ya kalamu nyekundu kuguswa.

Lahaja na uhuru wa mshairi

Makosa mengine ya wahakiki hutokana na lahaja. Mtunzi wa Mombasa akiandika "mato" kwa maana ya macho, au "ndia" kwa maana ya njia, hakukosea tahajia. Ametumia Kimvita, lugha iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi wa Kenya, kama inavyoonekana katika Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir iliyotolewa mwaka 1971. Kumsahihisha ni kumpokonya urithi wake. Kwa upande mwingine, mtunzi wa bara anayeandika Kiswahili sanifu ubeti mzima, kisha akaazima "mato" mara moja tu ili kina kipatikane, anastahili kuulizwa neno hilo limetoka wapi na mbona halina wenzake.

Ndivyo ilivyo kwa inkisari, mazida na tabdila. Jadi imemruhusu mshairi kufupisha neno, kulirefusha na kulibadili. Lakini ruhusa hiyo ni kama mkopo: mwenye kukopa lazima aonyeshe amenunua nini. Inkisari iliyoleta picha mpya imelipwa. Ile iliyoleta kina tu, bado inadaiwa.

Kupendekeza ni kudhamini

Sehemu ya mwisho ya kazi ya mhakiki ni kupendekeza: kumwambia mhariri achapishe, kumwambia mwalimu afundishe, kumwambia msomaji asome. Hapa ndipo sifa za bure zinapoleta madhara makubwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mtunzi aliyeitwa "malenga" kwa shairi lake la pili hana tena sababu ya kuhangaikia la tatu. Aidha, msomaji aliyependekezewa shairi bovu mara tatu hatasikiliza pendekezo la nne, hata likiwa la haki, na atakayelipia hasara hiyo ni mtunzi mwema asiyejulikana.

Kwa hiyo anayependekeza shairi analidhamini kwa jina lake. Dhamana hiyo humdai ataje mstari, si jumla. Kusema "shairi hili linagusa moyo" si pendekezo, kwa kuwa laweza kusemwa na mtu asiyelisoma. Kusema "katika mstari wa tatu mama anacheka, na msomaji angoje aone kilichomo mekoni" ni pendekezo. Kadhalika humdai ataje hadhira: shairi lifaalo kuimbwa harusini huenda lisifae darasani, na lifaalo darasani huenda lisiimbike. Mwisho, humdai ataje upungufu. Shairi lililopendekezwa pamoja na kasoro zake huaminiwa kuliko lililosifiwa bila doa.

Hitimisho

Kanuni za arudhi hazina hatia katika haya yote. Ni mlango mzuri, na mwanagenzi afundishwe kuufungua. Lakini mlango si nyumba, na mhakiki anayesimama kizingitini akihesabu wanaoingia hatajua nani amekuja na kitu mkononi. Ubeti wa elimu utachapishwa, hauna guni. Ubeti wa mama utarudishwa na neno moja, na mtunzi wake huenda asitunge tena. Hasara hiyo haionekani katika ukurasa wowote, kwa sababu shairi ambalo halikutungwa halina pa kuandikwa. Wenye dhamana ya kurasa hizo, na walimu wanaowafundisha watakaozishika kesho, ndio wanaoweza kuizuia, nao wataizuia kwa kusoma kwanza na kuhesabu baadaye.