Githeri, Safura na Damu ya Mtoto wa Shule

Msafiri ateremkaye kutoka mjini Embu kuelekea Kiritiri, huko Mbeere, huyaacha nyuma mashamba ya kahawa akaingia katika nchi kavu ya mtama, mawele, kunde na ndengu, karibu na mabwawa ya mto Tana, ambako malaria si mgeni. Chakula cha mtoto huko aghalabu ni uji na githeri, ambayo watu wa pwani huiita pure. Nyama kwa walio wengi ni adimu.

Yako maradhi yasiyopiga kelele. Mnyoo wa safura huitoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, akasafiri hata utumboni, akajipachika humo na kunyonya damu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka uso wa mtoto ukapauka na akili yake ikasinzia darasani, naye akahesabiwa mvivu, akaadhibiwa kwa kosa la mnyoo.

Je, chakula bora chatosha kuirudisha damu hiyo? Kuanzia 1998 Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa California waliwajaribu watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 za Embu: wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na kundi la nne halikupewa kitu. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika mtihani wa kufikiri, na vitamini B12 ikaongezeka kwa waliopata nyama au maziwa. Lakini madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu na ambayo nyama inayo kwa wingi, hayakuongezeka katika damu yao kama ilivyotarajiwa, na watafiti wakaishuku malaria na maambukizo mengineyo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwili uliovamiwa huyafungia madini ya chuma ghalani, vijidudu visije vikayala, na hufunga hata mlango wa utumbo yasiingie mengine. Basi kinga ile ile imlindayo mtoto humnyima damu. Na kulivunja ghala hilo kwa pupa ni hatari: kisiwani Pemba, penye malaria nyingi, watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na mnamo 2003 jaribio likasimamishwa, kwa kuwa waliopewa walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wasiopewa.

Kwa hiyo sioni haki kumpa mtoto dawa ya minyoo na kumwacha na njaa, wala kumlisha huku homa yake haikupimwa. Enyi wazazi na walimu wa Kiritiri, siku vidonge vya minyoo viletwapo shuleni, ulizeni vilevile sufuria ya chakula iko wapi, choo ki hali gani, na nani atakayempima malaria mtoto aliyelala juu ya dawati.