Maradhi Shuleni Hufuata Urafiki

Tetekuwanga ikiingia darasani, mzazi huuliza kwanza: "Mwanangu anakaa dawati moja na huyo mgonjwa?" Ni swali la haki, na mwalimu mara nyingi hulijibu kwa kumhamisha mtoto kiti. Lakini sisi tunaofuatilia milipuko tumejifunza kwamba ukitaka kujua nani ataugua kesho, ramani ya viti haikufikishi mbali.

Mwaka 2009 mafua ya H1N1 yalizuka katika shule moja ya msingi jimboni Pennsylvania, Marekani. Watafiti walikusanya mpangilio wa viti vya madarasa, wakaandika nani aliugua na siku gani, kisha wakauliza nani hucheza na nani. Kukaa ubavuni mwa mgonjwa hakukuonekana kuongeza hatari kwa kiasi cha kutajika. Kilichojitokeza ni mkondo na urafiki: wanafunzi wa mkondo mmoja waliambukizana kuliko wa mikondo tofauti, tena wavulana waliwaambukiza zaidi wavulana wenzao, na wasichana vivyo hivyo. Ugonjwa haukutulia shuleni pia. Ulikwenda nyumbani na mtaani, ukarudi.

Ukiitazama siku ya mwanafunzi, hilo halishangazi. Wakati wa somo watoto wote hutazama ubaoni, na hewa wanayovuta ni moja, wa mbele na wa nyuma. Kwa surua na tetekuwanga, ambazo husafiri hewani, aliye kona ya mwisho hana kinga ya umbali. Kengele ya mapumziko ikilia, kila mmoja huwaendea wake: hawa rede, wale mpira, wengine wanakumbatiana, wanagombea andazi moja, wanapokezana kikombe bombani. Hapo ndipo makohozi na mikono hukutana.

Mikutano hiyo huhesabiwa. Mwezi Oktoba 2009, katika shule ya msingi mjini Lyon, Ufaransa, wanafunzi 232 walivaa vifuani vifaa vidogo vilivyonasa kila mara watoto wawili walipokaribiana uso kwa uso. Kwa wastani mtoto mmoja alikutana na wenzake 47 kwa siku, na muda wote ukijumlishwa ulikaribia saa tatu. Sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa na watoto wa darasa lake.

Kwetu Afrika Mashariki kazi kama hiyo ilifanyika vijijini Kilifi, pwani ya Kenya. Wakazi walipewa shajara za kuandika kila waliyegusana naye kwa siku moja; asiyejua kuandika aliandikiwa na mtu mwingine. Wastani ulikuwa karibu watu 18 kwa siku. Wanafunzi wa shule za msingi waliongoza kwa kugusana na watu, na vichanga walikuwa wa mwisho.

Lakini kichanga asiyekutana na watu wengi huugua vilevile. Watafiti wa Kilifi walizifuatilia familia 47 katika msimu wa virusi vya RSV wa 2009 na 2010, wakichukua sampuli za puani kwa kila mwanakaya mara mbili kwa wiki. Virusi hivi kwa mtoto mkubwa ni mafua ya kawaida. Kwa mtoto wa miezi michache vinaweza kuwa nimonia. Maambukizi yalipoanzia ndani ya nyumba, mara nyingi aliyeyaleta alikuwa kaka au dada, na wengi wa hao walikuwa wanafunzi. Urafiki wa shuleni, kwa hiyo, huishia kwenye kitanda cha mtoto mchanga.

Je, tufunge shule? Takwimu za mafua za Ufaransa zilipolinganishwa na kalenda ya likizo, ilionekana kwamba likizo hupunguza kasi ya kuwaambukiza watoto kwa asilimia 20 hadi 29. Si haba, ila mafua hayaishi. Na gharama ya kufunga tunaijua: Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya Uviko, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Shule za bweni zina hatari ya ziada. Ukiwafungulia geti wanafunzi ambao tayari wameambukizwa, wanapanda mabasi na kuupeleka ugonjwa kila wilaya walikotoka. Aghalabu ni heri kuwatenga wagonjwa palepale katika chumba chao na kuwaita wahudumu wa afya.

Shule za kutwa nazo zianzie kwenye mkondo. Wagonjwa wawili watatu wakitoka darasa moja, wahimizwe kubaki nyumbani hadi wapone, na darasa lile lipumzike kivyake bila kuchangamana na mengine. Madirisha yawe wazi hata asubuhi ya baridi, na kila mtoto awe na kikombe chake. Nyumbani, mwanafunzi mwenye kikohozi asimbebe wala kumbusu mdogo wake, na anawe mikono kwa sabuni akirudi. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18 zote mbili zikamilishwe, maana darasa lenye wengi wasiochanjwa ni kuni kavu.

Na kuna chombo kimoja ambacho kila shule inacho tayari: daftari la mahudhurio. Jumla ya watoro wa shule nzima huficha mengi. Mwalimu mkuu asome mahudhurio kwa mikondo, kila asubuhi. Watoto wanne wa kundi moja la marafiki wakikosekana ndani ya siku mbili, asisubiri wa tano. Amwite mhudumu wa afya siku hiyohiyo, wakati ugonjwa bado uko katika chumba kimoja.