Fahamu: Asiye na dini, maadili yake yanatoka wapi?

Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema Jamhuri haina dini, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini. Hata hivyo, mkazi wa Dodoma akitamka kwamba hana dini, huulizwa upesi: sasa nini kinamzuia asiibe? Naona swali hilo linamwonea.

Mfano uko kaskazini-kati mwa Tanzania: kuanzia Ziwa Eyasi hadi Mkalama mkoani Singida, wanaishi Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Hawana makuhani wala nyumba za ibada. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 2010, aliiona dini yao kuwa ndogo sana. (Wana simulizi za uumbaji na ngoma ya kiibada iitwayo epeme, hivyo tusiwaite wakanamungu.) Lakini mwindaji akiangusha mnyama mkubwa, kambi nzima hula. Anayeficha nyama hudaiwa waziwazi, na mwenye kujikweza hubaki peke yake, kwa kuwa watu huhama kambi wapendavyo. Wanagawana kwa sababu wanategemeana, na kila mtu anaonekana.

Mjini, ugumu wa asiyesali huja siku ya msiba, maana kanisa na msikiti ndivyo vinavyokusanya watu haraka. Vikundi vya kufa na kuzikana husaidia: vingi huangalia michango na mahudhurio, si imani. Ndoa nayo ina njia yake; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kufunga ndoa ya kiserikali.