Ziara ya siku tano Pwani: Magofu yasemavyo na wazee wasimuliavyo

WAGENI wengi wanaozuru Pwani ya Kenya huingia Fort Jesus asubuhi, wakapiga picha mizinga, na kabla ya adhuhuri huwa wamekwisha kurejea ufuoni. Wakiulizwa baadaye walichokiona, husema ni ngome kuukuu ya Wareno. Hawakosei, ila wameambulia ukurasa mmoja tu wa kitabu ambacho kurasa zake zimetawanyika kutoka Mombasa hadi visiwa vya Lamu.

Ziara ya siku kadhaa humpa msafiri nafasi ya kusikia sauti mbili: ile ya mawe na maandishi, na ile ya wazee. Aghalabu sauti hizo hupatana; mara nyingine hukinzana. Mwongozaji mwema ni yule anayembainishia mgeni ni ipi inayosema. Siku tano zatosha kuzionja zote mbili.

Siku ya kwanza ni ya Mombasa, na hapa maandishi ndiyo yenye nguvu. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Majeshi ya Waarabu wa Oman yaliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, takriban miaka miwili na miezi tisa, ndipo ikaanguka. Waingereza waliigeuza gereza, ikabaki hivyo hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mnamo 1962.

Siku ya pili humpeleka msafiri Gede, karibu na Watamu, kwenye mji wa mawe uliomezwa na msitu. Mtaalamu James Kirkman alianza kuufukua mnamo 1948. Humo mna msikiti mkubwa, kasri, visima, na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1399. Vigae vya kaure kutoka Uchina vilivyopatikana humo vyathibitisha kwamba wakazi wake walifanya biashara na nchi za mbali.

Kwa nini mji huo ulihamwa? Wataalamu hutaja kupungua kwa maji visimani na mashambulizi ya maadui, wala hawajaafikiana. Wenyeji nao husimulia kuhusu mizimu inayolinda magofu na kumwadhibu anayeyaharibu. Simulizi hiyo haijibu swali la mwanahistoria, lakini imewafunza watoto wa vizazi vingi kuyaheshimu mawe hayo kabla ya UNESCO kuyaorodhesha kuwa turathi ya dunia mnamo Julai 2024.

Alasiri ya siku hiyo ni ya Malindi, ambako Vasco da Gama alitia nanga mnamo Aprili 1498 akapewa na mfalme rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Masimulizi mashuhuri humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu wa elimu ya bahari. Wanahistoria wengi wa leo hawaafiki. Wanaamini alikuwa mtu wa Gujarat. Mgeni anastahili kuambiwa yote mawili, badala ya kukabidhiwa ngano iliyovikwa joho la historia.

Siku ya tatu barabara huelekea kaskazini hadi Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Hii ni nchi ya Fumo Liyongo, shujaa na malenga. Wenyeji huonyesha mahali wanapoamini ndipo alipozikwa. Husimuliwa kwamba silaha za kawaida hazikumdhuru, na kwamba mwanawe mwenyewe alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Karne aliyoishi haijulikani kwa yakini. Hata hivyo, Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utenzi wa kisa chake mnamo 1913, na hapana mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua jina hilo.

Siku ya nne ni ya mji wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO tangu 2001. Msafiri atembee kwa miguu vichochoroni, aione ngome iliyokamilishwa mnamo 1821, kisha afike Shela, uwanja wa vita ambamo watu wa Lamu waliwashinda wa Pate na Mazrui wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19.

Siku ya tano ni ya Takwa, katika kisiwa cha Manda. Safari hii hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa maji: mashua haipiti mlango wa mikokoni maji yakiwa yametoka. Mji huo ulihamwa yapata miaka 300 iliyopita, na watu wa Shela hujihesabu kuwa wazao wa wakazi wake. Hadi katika kizazi chetu wamekuwa wakivuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara lililoko huko. Sauti zile mbili hapa hukutana: maandishi yamo kaburini, na waombaji wamo miongoni mwa walio hai.

Anayepanga ziara kama hii na amtafute mwongozaji mwenyeji, amlipe haki yake, na aache muda wa kuketi na wazee. Avae mavazi ya staha na asiokote hata kigae kimoja, kwani kigae kikiondolewa mahali pake hakimfunzi tena mtafiti chochote.

Ukuta ukibomoka, mafundi wanaweza kuujenga upya kwa chokaa na matumbawe. Simulizi ambayo mzee ameondoka nayo haina fundi. Kila mgeni, na hasa kila Mkenya, anayefunga safari kwenda kuisikiliza humpa mzee sababu ya kuisimulia tena, na kijana wa hapo sababu ya kuikariri.