"Hakuna Rezo": Kutafuta Hitilafu ya Intaneti ya Waya katika Kompyuta ya Linux Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Mjini Goma, intaneti inapokatika, kauli inayosikika mara nyingi ni "Hakuna rezo." Neno rezo limetokana na Kifaransa, réseau, nalo hutumiwa kwa simu na kwa kompyuta bila kubagua. Kwa mazungumzo ya kila siku kauli hiyo inatosha. Kwa anayetaka kurekebisha kompyuta haitoshi, kwani inazipa jina moja hitilafu ambazo kila moja ina tiba yake. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitenganisha hitilafu hizo katika kompyuta ya mezani inayotumia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki wakati huo.

Kuzitenganisha kuna manufaa makubwa katika mji huu. Mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipouteka mji, umeme na intaneti vilikatika katika sehemu nyingi. Katika hali kama hiyo, kununua kebo mpya ni kupoteza fedha. Kinyume chake, kosa linaweza kuwa waya uliokatika chini ya meza, na mwanafunzi akaiacha tasnifu yake siku kadhaa akingoja mtandao ambao haukutoweka.

2.0 Kutoka karibu kwenda mbali

Kanuni ni kuanza na kilicho karibu, na kuuliza swali moja kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza: Je, kebo imeshika? Amri ip link huorodhesha kadi za mtandao. Jina la kadi ya waya kwa kawaida huanza kwa en au, katika mifumo ya zamani, eth. Maneno NO-CARRIER humaanisha kwamba kadi imetambuliwa na kuwashwa, lakini hakuna ishara inayoifikia. Hapo ichunguzwe kebo, tundu lake, na kama swichi ina umeme. Kompyuta yaweza kuwa inatumia betri ya akiba huku swichi imezimika. Kadi isipoonekana kabisa, tatizo ni la kadi yenyewe au la programu inayoiendesha.

Kebo huweza pia kushika nusunusu. Ndani yake mna nyaya nane katika jozi nne. Kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde huhitaji jozi zote. Ile ya 100 hutosheka na mbili. Amri ethtool, ikifuatiwa na jina la kadi, ikionyesha 100 ilhali vifaa vyote vinamudu 1000, jozi mojawapo haina budi kushukiwa.

Swali la pili: Je, kompyuta imepewa anwani? Jibu hutolewa na ip addr. Pasipo anwani, au ikiwepo inayoanza kwa 169.254 ambayo kompyuta hujipa yenyewe, ruta haikujibu ombi. Ruta izimwe na kuwashwa, kisha kebo ichomolewe na kuchomekwa upya.

Swali la tatu: Je, ruta inajibu? Amri ip route huonyesha anwani ya ruta katika mstari unaoanza kwa default via. Anwani hiyo ijaribiwe kwa ping -c 4. Ruta ikijibu, njia ya kutoka kwenye kompyuta hadi hapo ni nzima.

Swali la nne: Je, nje kunafikika? Ijaribiwe ping -c 4 8.8.8.8. Ruta ikijibu na anwani hii isijibu, kwa kawaida hitilafu iko kati ya ruta na mtoa huduma, au mbali zaidi.

Swali la tano: Je, majina yanafasiriwa? Anwani ya tarakimu ikijibu lakini jina la tovuti lisipatikane, kosa ni la seva ya majina, ambayo huonekana katika faili /etc/resolv.conf.

3.0 Suala la saa

Huenda maswali yote yakajibiwa vyema na bado tovuti zikakataa kufunguka. Kompyuta kuukuu ambayo betri ndogo ya saa yake imekwisha huamka, kila umeme unaporudi, ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Vyeti vya tovuti salama vina tarehe za kuanza na za kuisha; tarehe ya kompyuta ikiwa nje ya muda huo, tovuti hukataliwa. Amri date hufichua kosa hilo. Tarehe isahihishwe, na betri ibadilishwe.

4.0 Hitimisho

Kebo haikushika, anwani haikutolewa, ruta haijibu, nje hakufikiki, majina hayafasiriwi, saa si sahihi. Hizi ni sentensi sita za Kiswahili cha kawaida, na kila moja huelekeza kwenye tiba yake. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili kinaimudu kompyuta. Anayempigia simu mtoa huduma na kusema "ruta inajibu, lakini nje hakufikiki" amekwisha kufanya nusu ya kazi. Anayesema "hakuna rezo" bado hajaianza.